Kamba ya Kashata

Jina alimpa marehemu Shekuwe
siku aliyomnunua Matondoni,
kwa rangi yake ya sukari iliyoungua kidogo.
Miaka ishirini na miwili. Amebeba mchanga, mawe, boriti,
friji mbili za watu wa Shela,
na mimi, usiku wa uchungu wa kifungua mimba wangu.

Sasa habebi kitu ila mwili wake.
Shingo imejaa juu, ngumu kama nundu,
na manyoya, kaskazi hii ya kukausha mate,
ni marefu, yamejikunja,
utadhani anajiandaa kwa baridi ya nchi nyingine.
Tukasema mashallah, amenona.
Langoni nzima ilisema amenona.

Kisha alfajiri moja akakataa kutoka zizini.
Amesimama, uzito wote kautupa nyuma,
kama aliyekanyaga makaa akaona haya kupiga kelele.
Nikagusa kwato. Pasi.

Daktari Raya alikuja na buti za mpira.
Alipapasa shingo, akatoa damu, siku ya nne akarudi.
Kuna tezi, akasema, chini ya ubongo, ndogo kama dengu.
Imezeeka vibaya. Inatoa amri usiku na mchana
na mwili unatii, sukari inapanda,
deni zinalipa kwato.
Basi pumba, hapana. Maganda ya embe, hapana.
Mkate, hata wa jana, hata ukoko.
Nyasi kavu, zipimwe, zilowekwe saa nzima, maji yamwagwe.

Yale maji yana rangi ya chai.
Niliyaonja (nani asingeyaonja?).
Yalikuwa matamu.

Kidonge kila asubuhi. Zamani ningekificha ndani ya tende.
Sasa nakificha ndani ya tango:
anakula tango, kidonge anakitema pembeni, kikavu,
kama mtu anayetoa mwiba wa samaki.
Tunaanza upya.

Nimemsukia kikapu cha mdomoni, kwa ukindu,
msuko alionifunza mama kwa ajili ya mikeka ya arusi,
na chini tundu moja, la kupita kidole gumba.
Jani moja moja. Ananitazama juu ya ukingo wake.

Bi Twaiba, kutoka barazani kwake:
"Mbona wamtesa? Mgonjwa hulishwa."
Na usiku maganda yanaruka ukuta,
nayasikia yakianguka, pwaa, pwaa,
natoka na taa ya simu kuyaokota kabla yake.
Sijamwambia kitu. Nimwambie nini,
kwamba huruma yake ina sukari?

Futi ya fundi cherehani haikumzunguka.
Nikachukua kamba ya Shekuwe ya kufungia magunia,
nikaipitisha kifuani, nyuma ya miguu ya mbele,
nikapiga fundo. Kila Ijumaa, fundo.
Wiki tatu fundo lilikaa juu ya fundo.
Ya nne, upana wa ukucha.
Ya tano likarudi nyuma, na mjukuu wangu Lali
akalia kabla sijamuuliza:
"Ni boflo nusu tu, bibi. Aliniomba kwa macho."

Leo ni vidole viwili.
Leo ametembea mpaka kona ya msikiti,
akichagua penye mchanga, akikwepa mawe,
akarudi mwenyewe.

Kadi yangu ya hospitali iko chini ya godoro,
mwaka wa pili huu. Ina namba nilizoambiwa nizishushe.
Raya haijui. Kashata haijui.
Mimi ndiye ninayelala juu yake.

Saa tisa usiku analia, mtaa mzima unaamka,
mtu anatukana kutoka dirishani.
Nashuka. Simpi kitu.
Nashika sikio lake, lina joto la kawaida,
na tunasimama hivyo, matumbo yetu yakinguruma kwa zamu,
huku harufu ya mofa za Bi Twaiba ikipanda ukuta.

Asubuhi kadi nimeitoa, nimeiweka juu ya kabati.
Bado sijaifungua.
Nyasi zimeshaloweka. Saa bado.